Mlango Namba 206

Marshall, Texas. Jumanne, saa moja jioni.
Naingia na mashine ya kufyonza vumbi
katika ofisi ambamo hajawahi kuingia mtu
isipokuwa mimi.
Mlangoni yamebandikwa majina ya kampuni kumi na moja.
Ndani: meza moja, kiti hakuna,
na ua la plastiki ninalolipangusa majani
kama nampangusa kamasi mtoto wa watu.
Pipa la taka ni tupu. Nalibadilishia mfuko hata hivyo,
maana mkataba wangu unasema mfuko.

Hapa ndipo ilipotoka barua ya Byamungu.

Byamungu anakata mapaja ya kuku, zamu ya usiku,
mtu wa Walungu, mpole, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.
Mchana, badala ya kulala, aliandika programu:
unataja unakaa wapi, zamu yako saa ngapi,
inakwambia utapanda gari la nani
na utachangia senti ngapi za mafuta.
Watu sitini waliitumia. Hakutoza hata ndururu.
Mama Solange, aliyekuwa akitembea kando ya barabara kuu
na tochi mdomoni, akaacha kutembea.

Kisha bahasha. Kurasa tisa.
Kwamba wao wanamiliki, tangu mwaka ambao Byamungu
alikuwa kambini akipanga foleni ya unga,
"njia ya kugawa abiria katika vyombo
kwa kuzingatia umbali na wakati."
Alipe dola elfu tatu kimyakimya
au aende mahakamani akalipe laki tatu.
Alinisomea kwa sauti, akakwama kwenye neno njia.
"Wanamiliki njia," akasema. "Njia ipi? Ya kwenda kwenye kuku?"
Usiku uleule akaizima.

Najua majibu yao. Nimeyasikia redioni
nikisugua vyoo vya mawakili orofa ya chini:
hataza ni rutuba ya uvumbuzi,
bila uzio hakuna atakayepanda.
Sikatai yote. Aliyekesha miaka kumi na mbili
akatoa dawa ya mapafu, apewe muda ale jasho lake.
Lakini aliyenunua uzio mtupu,
asiye na jembe, asiye na mbegu,
anayekaa gizani akingoja mguu wa mpita njia,
huyo si mkulima. Huyo ni mtego.
Na serikali inayoupa mtego cheti chenye muhuri
isituletee habari za soko huria.

Tuulize sisi tunaotunga:
nani aliyesajili mizani kumi na sita?
Wa kwanza kuoanisha kina cha kati na cha mwisho
angefungua ofisi yenye ua la plastiki,
na malumbano yetu yote yangekuwa kesi.
Ukili husukwa kwa kuangalia mikono ya jirani.
Ukikosea unafumua. Hulipi.
Programu nayo ni ukili.

(Hapa mume wangu hunikatiza: "Wewe na mashairi yako.
Andika kwamba kodi ya nyumba imepanda."
Imepanda. Nimeandika.)

Sasa kuna kipande cha boksi ukutani,
pale penye mashine za kufulia za sarafu,
kalamu imefungwa kwa uzi.
Watu huandika majina. Wengine huchelewa kuyaona.
Mama Solange ameirudisha tochi mdomoni.

Leo nimezima mashine, nikasimama katikati ya zulia
nikaanza kupanga kichwani:
Solange yuko karibu na Ilunga, Ilunga huingia saa tano kasorobo,
gari la Nyota lina nafasi mbili, moja mkanda umekatika,
basi Mapendo akae mbele, Solange nyuma,
wapitie kituo cha mafuta.
Umbali. Wakati. Abiria. Chombo.
Nimeivunja hataza yao, kifungu kwa kifungu,
ndani ya ofisi yao,
na ufagio mkononi.
Nikangoja kidogo.
Ua la plastiki halikusema kitu.